Mayatima wa Ziwani na Wajibu wa Wanaotuwakilisha

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, na alipofika miaka minane akampoteza babu yake Abdul-Muttalib aliyekuwa akimlea. Ziwashukie pia aali zake, masahaba zake na kila aliyeifuata njia yao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunaomba tuziweke kando kwa muda mada tulizozoea za udhu, funga na mirathi, tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani si la ukurasa wa Ijumaa, nalo ni Idara ya Ustawi wa Jamii na namna Bunge letu na mabaraza ya madiwani yanavyoisimamia. Anayeona kuwa hilo ni suala la serikali lisilohusiana na dini tunamwomba airejee Sura Al-Maa'uun. Mwenyezi Mungu anapomtambulisha mtu anayeikadhibisha dini, sifa ya kwanza anayompa ni kumsukuma yatima, na ya pili ni kutohimiza kulishwa kwa masikini. Habari ya wenye kuswali huku wakiipuuza swala yao inakuja baada ya hapo. Mpangilio huu si wa bahati nasibu, nasi twaona haya kuona jinsi tunavyoisoma sura hii kila siku katika swala zetu kwa sababu ya ufupi wake, kisha tukatoka msikitini tukampita mtoto aliyelala kwenye boksi kibarazani pa duka.

Watoto hao wapo Mwanza na kila mkazi wa jiji anawajua. Wapo Mlango Mmoja, wapo stendi, wapo mwaloni Kirumba wakiokota dagaa walioanguka kutoka kwenye magunia. Wapo pia kwenye makambi ya wavuvi visiwani, huko Ukerewe na Sengerema, wakivuta nyavu na kuanika dagaa kwa ujira wa chakula cha siku. Hawakuota kama magugu. Ukanda huu wa Ziwa ndio uliotangulia kuonja msiba wa UKIMWI nchini, kwani wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ndani ya miaka michache kukawa na nyumba ambazo bibi aliyekwishachoka alikuwa akilea wajukuu sita au saba peke yake. Kisha tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kuingia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Majina ya waliozama yaliandikwa na minara ya kumbukumbu ikajengwa. Watoto walioachwa na hao waliozama waligawanywa kwa mashangazi, wajomba na majirani, na nani alikwenda wapi ni jambo ambalo watu wa nje ya familia hawakulifuatilia sana.

Tuongeze chanzo kingine ambacho Waislamu hatupendi kukisikia kikitajwa hadharani. Wapo watoto mitaani ambao baba zao wako hai, wana afya na wana kazi. Mwanamume ametoa talaka asubuhi, jioni ameshasahau kwamba nafaqa ya mtoto haiondoki kwa talaka, na ndani ya mwaka ameoa kwingine. Mama naye ameolewa na mume asiyemtaka mtoto wa kufika naye. Mtoto huyo kisheria si yatima, lakini anaishi kama yatima, na pengine vibaya zaidi, kwa sababu mtu akiambiwa amlee hujibu kwamba baba yake yupo.

Kwamba Mwanza ina watoto wa namna hii si siri mpya. Shirika la Kuleana lilianzishwa jijini humo mwaka 1992 kwa ajili yao, na kwa miaka mingi jina la Kuleana likawa ndilo kimbilio la mtoto asiye na pa kulala. Mwaka 2004 mtengeneza filamu mmoja wa Austria, Hubert Sauper, akatoa filamu kuhusu biashara ya sangara, na ndani yake wakaonekana watoto wa mitaani wa Mwanza wakigombania wali na kuvuta gundi. Mwaka 2006 filamu ile ilizusha hasira kubwa. Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliilaani hadharani, na suala likafika hadi Bungeni. Sisi hatuitetei filamu ile. Ilikuwa na mambo ambayo mtu wa Mwanza akiyatazama anaona wazi kuwa mgeni amekuja na hadithi yake tayari mfukoni. Lakini hebu tujiulize: katika hasira zote zile kuhusu heshima ya nchi, ni wabunge wangapi walisimama wakamwuliza Waziri idadi ya maafisa ustawi wa jamii waliokuwa wakifanya kazi katika Jiji la Mwanza mwaka ule? Tulikasirikia kioo, na uso ukaachwa kama ulivyokuwa.

Haki isemwe, haikupita miaka mingi Bunge likafanya kazi kubwa. Mwezi wa Novemba 2009 lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka huo, iliyofuta sheria kadhaa za zamani zilizotawanyika, nyingine zikiwa na asili ya ukoloni, na kuziweka haki za mtoto mahali pamoja. Sheria hiyo inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 na inayafanya maslahi yake kuwa jambo la kwanza kuangaliwa. Kifungu cha 94 kinaibebesha kila halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio ndani ya mipaka yake, kupitia afisa ustawi wa jamii. Kifungu kinachofuata kinamtaka kila mwanajamii anayeona haki ya mtoto ikivunjwa atoe taarifa. Zikaja kanuni: za makao ya watoto na za malezi ya kambo mwaka 2012, na baadaye za ulinzi wa mtoto. Ukiisoma sheria hii kwa macho ya fiqhi utakuta mengi ambayo wanazuoni wetu waliyaandika karne nyingi zilizopita katika milango ya hadhana, nafaqa na mtoto wa kuokotwa. Yapo machache ya kujadiliwa nasi, kama kuasili kunakomvua mtoto nasaba yake, na hilo tutalirejea.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sheria imempa kazi mtu ambaye mara nyingi hayupo. Afisa ustawi anayetajwa katika kila ukurasa wa sheria hiyo alitakiwa awepo hadi ngazi ya kata. Serikali yenyewe imekiri Bungeni, si mara moja, kwamba maafisa hawa ni pungufu mno kuliko mahitaji. Katika kata nyingi za mwambao wa Ziwa afisa huyo hayupo kabisa, na kazi zake anakaimishwa afisa maendeleo ya jamii au mtendaji wa kata, ambaye siku hiyo hiyo anatakiwa kukusanya ushuru, kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja na kuandaa ziara ya kiongozi. Akipelekewa mtoto aliyechomwa kwa maji ya moto na mama wa kambo, atafanya nini? Ataandika barua kwenda halmashauri. Huko halmashauri yupo afisa mmoja au wawili, na pengine gari wanaloliazima ni la idara nyingine. Kwa mtoto aliye Ukara au Irugwa kuna pia suala la nauli ya boti.

Na idara hii yenyewe imelelewa kama mtoto anayehamishwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa shangazi. Chanzo chake ni kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Pili, ukoloni ulipohitaji chombo cha kushughulika na askari waliorejea. Baada ya uhuru nchi ilijenga hata chuo chake, Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini makao yake yamebadilika kila mara. Ilikuwa chini ya wizara iliyoshughulika na kazi na vijana, ikahamia Afya tukawa na Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Mwaka 2015 ikaundwa wizara ndefu ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Mwezi wa Januari 2022 ikatengwa na Afya, ikawa ndani ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. (Neno "watoto" lilikuwamo katika jina la 2015, katika jina la 2022 halimo. Huenda ni suala la jina tu, lakini majina nayo hayapatikani bure.) Wakati huo huo afisa aliye katika halmashauri ni mtumishi wa Serikali za Mitaa, chini ya TAMISEMI. Wizara inatunga sera na miongozo, TAMISEMI inaajiri na kupanga watumishi, halmashauri inapanga bajeti. Mbunge akisimama kuuliza kwa nini mtoto fulani hakusaidiwa, kila mmoja kati ya hao watatu ana jibu sahihi linalomwelekeza kwa mwenzake.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu Uislamu una mfano wa usimamizi wa aina hii ambao haujapitwa na wakati.

Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.), alipoanzisha daftari la posho kutoka Baitulmali, aliweka utaratibu kwamba mtoto ataandikiwa fungu lake baada ya kuachishwa ziwa. Ulikuwa utaratibu wa busara kwa mwenye kuutazama akiwa ofisini. Usiku mmoja ukafika msafara wa wafanyabiashara nje ya Madina, naye akatoka na Abdul-Rahman bin Awf (R.A.) kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akaenda kwa mama yake, akamwasia amche Mungu na amfanyie wema mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akamkaripia: vipi wewe mama, mwanao hakutulia usiku mzima? Mwanamke yule, bila kujua anazungumza na nani, akamjibu kuwa anamlazimisha kuacha kunyonya naye anakataa. Kwa nini? Kwa sababu Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Ana miezi mingapi? Akamtajia, nayo ilikuwa michache. Inaelezwa kwamba alfajiri ile Umar aliswalisha watu wasiweze kukisikia vyema kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu kwa watoto ambao huenda walikufa kwa sababu ya utaratibu ule, kisha akaamrisha itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani kila mtoto anayezaliwa ataandikiwa fungu lake. Akaandika barua kwenda majimbo yote.

Mara nyingi mawaidha yetu huishia kwenye machozi ya Umar, tukastaajabia ucha Mungu wake, tukaondoka. Tuangalie na upande wa pili. Alitoka ofisini akaenda mahali athari ya sheria yake ilipokuwa ikionekana. Alirudi mara tatu kwa kilio kile kile. Aliuliza swali la mwisho, lile la "kwa nini", na jibu lilipomhukumu yeye mwenyewe hakutafuta mtendaji wa chini wa kumtwika. Kosa lilikuwa katika utaratibu, akaubadili utaratibu, akahakikisha habari imefika hadi mikoani. Yote hayo kati ya usiku na asubuhi. Kwetu sisi kazi hii ya Umar imegawanywa. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na kumwuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ipo kamati ya kudumu inayoshughulikia ustawi na maendeleo ya jamii. Ipo kamati ya hesabu za Serikali za Mitaa. Yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye taarifa zake huwasilishwa Bungeni kila mwaka. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni wa kurudi mara ya tatu kwa kilio kile kile.

Tunasema hivyo kwa sababu kilio kimeshasikika, tena kwa takwimu. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na Serikali pamoja na UNICEF. Ulionesha kuwa karibu wasichana watatu katika kila kumi, na takriban mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba waliopata huduma baada ya madhila hayo walikuwa wachache sana. Ukafuata Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ukaunda kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mwaka 2024 Bunge likapitisha tena marekebisho ya sheria mbalimbali za ulinzi wa mtoto. Yote ni mema. Lakini kamati ya kijiji isiyo na afisa wa kuipelekea shauri ni baraza la wazee wanaosikitika pamoja.

Mfano wa karibu ni wa watoto wenye ualbino. Mauaji yalipoanza kusikika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa miaka ya 2006 na 2007, Serikali iliwakusanya watoto wengi katika shule na vituo vyenye ulinzi, kama Mitindo wilayani Misungwi na Buhangija mkoani Shinyanga. Ilikuwa dharura, na katika dharura mtu huokoa kwanza uhai. Hata hivyo hatua ya dharura ikageuka kuwa makazi. Wapo watoto waliokaa huko miaka, wengine wasitembelewe na ndugu, hadi kijijini kwao kukawa kugeni. Kumrudisha mtoto kwa usalama kunahitaji mtu wa kwenda kijijini, kuzungumza na familia, kuwapima majirani, kurudi tena baada ya miezi mitatu. Hiyo ndiyo kazi ya afisa ustawi, na hapo tunarudi kule kule. Mwezi wa Desemba 2014 mtoto wa miaka minne alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Kwimba, mkoa huu huu wa Mwanza. Mwaka 2024 huko Muleba, ng'ambo ya Ziwa, mtoto asiyefikisha hata miaka mitatu akachukuliwa nyumbani kwao akauawa. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita karibu miaka kumi.

Kuna mzigo mwingine ambao wabunge wetu wangepaswa kuuona mapema. Mipango mingi ya watoto walio katika mazingira hatarishi, tangu ule wa mwaka 2007 hadi 2010, iliegemea mno mifuko ya wafadhili. Mradi wa Kizazi Kipya uliotekelezwa kuanzia 2016 hadi 2021 ulikuwa wa fedha za Wamarekani, na wahudumu wa jamii wengi waliokuwa wakizunguka majumbani kuwafuatilia watoto walilipwa posho zao kupitia miradi ya namna hiyo. Mwaka 2025 Marekani ikasitisha misaada yake na kulifunga kabisa shirika lake la USAID. Mgeni akiondoka na mkeka wake, mwenye nyumba hubaki anatazama sakafu. Hatumlaumu mgeni kwa kuuchukua mkeka wake. Tunauliza kwa nini katika miaka yote ile haikuonekana haja ya kuwa na kifungu imara cha bajeti ya halmashauri kwa ajili ya ulinzi wa mtoto, kifungu kisichokatwa kila mapato yanapopungua.

Asidhani mtu kwamba upungufu huu ni wa nchi masikini tu. Mwezi wa Februari 2000 alifariki jijini London binti wa miaka minane, Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi ya baba yake aliyeahidi kumpeleka Ulaya akasome. Aliteswa na huyo ndugu pamoja na mwanamume aliyeishi naye hadi akafa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao taarifa yake ilitolewa mwezi wa Januari 2003, ulibaini kwamba polisi, hospitali na idara za ustawi zilipata nafasi zisizopungua kumi na mbili za kumwokoa, na kila mmoja alidhani mwingine anashughulikia. Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2004 iliyozilazimisha idara hizo kufanya kazi pamoja. Kwao magari yalikuwepo, mafaili yalikuwepo na maafisa walikuwepo. Ni kuulizana tu ndiko kulikokosekana.

Kisa kile kinapaswa kuzitikisa familia zetu kwa upande wake mwingine. Ni mabinti wangapi wametolewa Ukerewe, Sengerema au Misungwi na ndugu wa heshima, kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, wakaishia kuosha vyombo na kulea watoto wa wenzao? Mzazi anaaga akiwa na furaha kwa kuwa mwanawe "amepata mtu". Baada ya hapo hapigi simu kwa kuogopa kuonekana anamchunguza mwema wake. Kuchunguza katika jambo hili si utovu wa adabu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba mtu mmoja, Abu Jamila, aliokota mtoto mchanga zama za Umar akamleta kwake. Umar hakuanza kwa kumshukuru. Alimwuliza kwanza sababu ya kumchukua, na hakumkabidhi hadi msimamizi wa kaumu yake aliposhuhudia kuwa ni mtu mwema. Hapo ndipo akamwambia aende naye, na akabainisha kuwa matumizi ya mtoto yatatoka kwao, yaani katika Baitulmali.

Mlezi achunguzwe tabia yake, na mlezi mwema asaidiwe gharama: hayo mawili yamo katika kisa kile, na ndiyo yanayotakiwa na kanuni za makao ya watoto. Hapa tuzungumze kwa uwazi kuhusu madrasa zetu za bweni na vituo vyetu vya mayatima. Vingi vimejengwa na watu wenye ikhlasi waliojinyima. Lakini vipo vinavyoendeshwa bila leseni, bila daftari la majina, watoto arobaini katika chumba kimoja chenye dirisha la nondo na mlango mmoja unaofungwa kwa kufuli usiku. Tarehe 14 Septemba 2020 moto uliteketeza bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, wakafa wanafunzi kumi. Hatuandiki haya kumhukumu yeyote, kwani moto ni mtihani na waliofikwa ni ndugu zetu. Twasema kwamba baada ya msiba ule kila bweni la Kiislamu kandokando ya Ziwa lilipaswa kukaguliwa na wenyewe kabla ya kusubiri mkaguzi wa Serikali.

Tunaijua hoja inayotolewa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, Waislamu wengi humtazama anayekuja kukagua madrasa kama mtu aliyetumwa kwa jambo jingine. Hofu hiyo haikuzuka hewani, na viongozi wanaoipuuza wanakosea. Dawa yake ni Bunge kuitaka Serikali itumie kipimo kimoja kwa vituo vyote, vya misikiti, vya makanisa na vya watu binafsi, mkaguzi awe ni afisa ustawi mwenye fomu inayojulikana, na taarifa yake aachiwe nakala mwenye kituo. Mkaguzi wa namna hiyo akija, mlango ufunguliwe. Mtoto aliyemo ndani hana haja na siasa zetu.

Tuliahidi kurejea suala la kuasili. Uislamu umekataza kumvua mtoto nasaba yake, na Sura Al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha waitwe kwa baba zao. Baadhi yetu tumelifanya katazo hili kuwa kisingizio cha kutolea kabisa. Sheria ya Mtoto inao mlango mwingine, nao ni malezi ya kambo na utaratibu wa familia za kuaminika, ambapo mtoto huishi katika nyumba yako, jina lake likabaki lake na ndugu zake wakabaki wake. Huo si mbali na kafala tuliyoifahamu sisi. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa karibu Peponi kama ukaribu wa vidole viwili vinavyofuatana. Familia yenye chumba na uwezo iende ofisi ya ustawi ya halmashauri yake, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu au Ukerewe, ijiandikishe, ikubali kuchunguzwa. Kila nyumba moja inayojiandikisha ni mtoto mmoja asiyehitaji kulazwa kituoni. Na kamati za misikiti zinazokusanya zaka zinaweza kuwatambua kwa majina mayatima walio masikini katika mtaa wake na kuwaandikia fungu, bila kusubiri bajeti ya mtu.

Lakini hayo hayamwondolei mwakilishi wetu wajibu wake. Mkutano wa baraza la madiwani hufanyika kila robo ya mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tunapendekeza imamu na watu wawili watatu wa kila msikiti wamwendee diwani wao kabla ya mkutano ujao, wamwombe aulize mambo ambayo majibu yake ni tarakimu na si maelezo: kata hii ina afisa ustawi au ina kaimu, tangu lini, daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi lilihuishwa mara ya mwisho mwezi gani, vituo vya kulelea watoto vilivyomo katani ni vingapi, vyenye leseni ni vingapi, na kila kimoja kilikaguliwa tarehe ipi, katika fedha zilizotengwa kwa ustawi wa jamii mwaka huu zimetolewa kiasi gani hadi leo. Majibu yaandikwe. Robo inayofuata maswali yale yale yaulizwe tena, na nakala ya majibu ya awamu zote mbili apelekewe mbunge wa jimbo, aende nayo Dodoma wakati wa kikao cha bajeti, Waziri wa Maendeleo ya Jamii na wa TAMISEMI wakiwa wamekaa wote wawili ndani ya ukumbi mmoja.